Mbwa anayegonga kengele: niliyoyaona tukimfundisha Jivu kuomba

Jivu alikuja kwetu akiwa mbwa mzima, jike wa rangi ya majivu, kutoka kwa watu waliokuwa wanahama wasiweze kwenda naye. Daktari wa mifugo alimfunua midomo, akatazama meno, akakisia ana miaka miwili. Tuliambiwa ni mpole, na ni kweli. Tusichoambiwa ni kwamba maisha yake yote alilala uani, kwa hiyo hakuwahi kuhitaji kumwomba mtu amfungulie mlango. Alipoanza kuishi ndani, haja ikimbana hakuwa na njia aliyoizoea ya kusema. Alijisaidia nyuma ya kochi, kisha akajikunyata pembeni, masikio yamelala.

Mume wangu alisema anajua amekosa, na sura ile kweli inashawishi. Ila mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, aliipima mwaka 2009, akakuta kwamba mbwa huonyesha uso huo wa hatia pale mwenye mbwa anapofoka, mbwa awe amekosa au hajakosa. Anajibu hasira yako. Ukimfokea kwa dimbwi alilolitoa dakika kumi zilizopita, anachojifunza ni kwamba wewe na mkojo mkiwa chumba kimoja mambo huharibika, na kesho atatafuta mahali pa siri zaidi. Ndiyo sababu wengi hulalamika kwamba mbwa wao "anawaficha".

Basi tukaachana na habari ya adhabu. Tulitaka awe na namna moja ya kusema anataka kutoka, na sisi tuwe na namna ya kuisikia. Kazi ilituchosha kuliko tulivyotarajia, na uchovu mwingi ulitoka kwetu sisi wenye nyumba. Ningependa mtu alijue hili kabla hajaanza: ukimfundisha mbwa kuomba, umejifunga kujibu. Saa nane za usiku, mvua inanyesha, wewe una mafua, umejifunga. Ishara isiyojibiwa hufa, au hugeuka fujo.

Kabla ya kufundisha chochote tuliweka daftari jikoni. Kila aliyemwona Jivu akila, akinywa, akiamka, akimaliza kucheza au akikojoa, aliandika saa na alichokuwa akikifanya muda mfupi kabla. Binti yetu aliandika vizuri kuliko sisi wote, maana mtoto hachagui cha kuona. Kurasa zake zilikuwa hivi: "Ameacha mfupa. Amenusa zulia. Ameenda kwenye korido, amerudi, ameniangalia." Taratibu mpangilio ukajitokeza. Haja ilimjia akiamka, baada ya kula, na baada ya kukimbizana, na hayo ni ya karibu kila mbwa. La kwake mwenyewe lilikuwa dogo mno. Aliacha alichokuwa anakitafuna, akasimama akielekea mlangoni, akageuza kichwa kututazama, kisha akarudisha macho mlangoni. Kama sekunde zile ulikuwa unatazama simu, basi yamekupita.

Kumbe alikuwa anasema siku zote. Mwaka 2003 kundi la watafiti la Ádám Miklósi, huko Budapest, Hungaria, lilichapisha jaribio linaloeleza mtazamo ule. Walichukua mbwa, na mbwa mwitu (wolf) waliolelewa na watu tangu wachanga, wakawazoesha kupata chakula kwa kufungua chombo au kuvuta kamba, halafu wakahakikisha chombo hakifunguki na kamba haivutiki. Mbwa mwitu waling'ang'ana wenyewe. Mbwa walijaribu kidogo, wakageuka kumtazama mtu usoni. Kwa hiyo usianze kwa kudhani mbwa wako ni bubu. Anasema kwa sauti ndogo, na unachomfundisha ni namna ya kuipandisha hadi ifike chumba cha pili.

Tulichagua kengele ya mlangoni. Kubweka tulikukataa mapema, kwa sababu mbwa hubweka kwa mambo mengi na majirani wanasikia yote. Kukwaruza mlango kunamaliza mlango. Kukaa kimya mbele ya mlango ni ishara nzuri sana, ila inafaa nyumba ambayo mtu yuko sebuleni muda wote, na yetu si hiyo. Ukiamua kengele, ining'inize usawa wa pua yake kwa kamba fupi, isiwe ndogo kiasi cha kumezwa, na epuka zile kengele za duara zenye mpasuko chini, maana kucha huweza kunasa humo na mbwa akiogopa mara moja umepoteza wiki.

Somo la kwanza halikuwa na kengele hata kidogo. Lilikuwa la kugusa kiganja. Nilinyoosha mkono wazi karibu na uso wake. Mbwa ana udadisi, atanusa. Pua ilipogusa ngozi tu nilisema "Ndiyo!" na kipande cha nyama kikafuata, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Neno lenyewe halina uzito, chagua lolote fupi, mradi litoke papo hapo na malipo yafuate kila mara. Nyama hiyo itolewe kwenye hesabu ya chakula chake cha siku, la sivyo utapata mbwa mwerevu mnene. Tulifundisha kabla ya mlo, dakika tatu au nne, tukaacha angali anataka zaidi.

Kiganja kikaeleweka haraka. Kengele haikueleweka. Mara ya kwanza niliishika mkononi, akaja kwa furaha, akagusa, ikalia, akaruka nyuma hadi ukutani. Baada ya hapo hakutaka hata kukikaribia chumba kile. Tuliijaza kengele kitambaa hadi ikawa bubu kabisa, tukaiweka sakafuni na kumlipa kwa kuitazama tu. Siku iliyofuata alikuja shingo imenyooka mbele na mwili wote umebaki nyuma, miguu ya nyuma imejikunja tayari kukimbia, pua ikitangulia polepole hadi ikagusa shaba. Kimya. Akapepesa macho, akanitazama. "Ndiyo!" Tangu hapo nilikuwa napunguza kitambaa kidogo kidogo, na yeye akaizoea sauti bila kushtuka. Mbwa wa jirani yetu hakuiogopa kengele tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hatua hii huenda usiihitaji. Ukiihitaji, usiirukie.

Kisha ndipo tukaipeleka mlangoni, na hapa kuna jambo ambalo watu hulipita. Kengele ikishatundikwa mlangoni, acha kuilipa kwa nyama. Malipo ya kengele ni mlango kufunguka. Ukiendelea kumpa nyama anapogonga, umemfundisha kugonga apate nyama, na atakuwa sahihi kukudai. Sisi kila tulipotoka naye, hata tulipokuwa tumeamua wenyewe, tulipitia kwenye kengele: gusa, mlango, mkanda wa shingoni, moja kwa moja hadi mahali pake pale pale. Tulisimama kimya. Hakuna kurusha mpira wala kuongea. Akishamaliza kabisa, nyama ilitolewa pale pale nje. Ukiisubiri hadi ndani, atajifunza kukata mkojo katikati ili awahi kurudi. Dakika tano zikipita bila kitu, tunarudi bila ugomvi na tunamweka karibu hadi atakapojaribu tena.

Alipogonga kwa hiari yake mwenyewe ilikuwa alfajiri. Sauti moja, hafifu. Mume wangu alitoka kitandani pekupeku, nikasikia kitasa, nikasikia anamsifu kwa maneno ambayo hajawahi kuniambia mimi.

Furaha hiyo haikudumu. Jivu akawa kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Aligonga apate kutoka kufukuza ndege, aligonga tulipokuwa na mgeni, aligonga binti yetu alipofungua mkebe wa rangi. Watu wengi hukata tamaa hapa na kuitupa kengele, na naelewa kwa nini, ila fikiria amefanya nini. Amegundua kwamba kuna kitu akikigusa, watu wazima wanasimama. Hajavunja sheria yoyote, hakuna aliyemwambia sheria. Kazi ikawa kumwonyesha kwamba kengele ina maana moja: inafungua njia ya kwenda chooni, kwa mkanda, kwa dakika chache, bila mchezo, na kurudi. Kila alipogonga tulimtoa. Kila mara. Hata tulipokuwa na hakika ni ndege. Akifika mahali pake asipokojoa, tunarudi. Michezo ya nje ikawa na mlango wake, wa nyuma, na saa zake, na hiyo tulianzisha sisi bila yeye kuomba. Kugonga kwa ajili ya ndege kulipungua chenyewe kwa sababu hakukuleta ndege.

Katikati ya zoezi hilo mama mkwe akaja kukaa nasi. Anawapenda wanyama kwelikweli, na ndiyo iliyokuwa shida. Mchana sisi tukiwa kazini Jivu akigonga, yeye aliinuka akampa nyama. Nilirudi nikakuta mbwa amekaa chini ya kengele anatiririka mate.

"Mama, akigonga huwa tunamtoa nje tu," nilimwambia.

"Mwanangu, huyu ana njaa. Humwoni macho?"

Nikaona mazungumzo haya si yangu. Mume wangu akakaa na mama yake jioni ile, na hakumkataza kitu, alimwomba kazi: yeye ndiye awe mwenye kumpa Jivu nyama, lakini nje, akishamaliza haja. Mama akakubali, tena akawa mkali kuliko sisi. Kidole cha binti yetu kikisogelea kopo la nyama ndani ya nyumba, anakipiga. Nyumba yenye watu wanne wanaojibu namna nne haitoi mbwa anayeeleweka, na kumbadilisha mtu mzima kwa maelezo ni kugumu. Mpe sehemu katika jambo lenyewe.

Lililofuata ni kumfundisha jibu letu la "hapana", ambalo wengi hawalifikirii hadi wamechelewa. Ukimpa mbwa sauti ya kuomba lazima umpe pia ishara ya kwamba ombi limesikika na halitatimizwa. Yetu ni viganja viwili wazi mbele ya kifua na neno "basi". Tuliianza mahali pepesi, mwishoni mwa mchezo wa mpira: viganja, "basi", mpira kabatini, na kuanzia hapo hakuna anayemtazama wala kumsemesha. Hapo atabweka. Atabweka zaidi ya alivyowahi kubweka, kwa sababu njia iliyokuwa inafanya kazi imekataa ghafla na yeye anaisukuma kwa nguvu zaidi. Ukivumilia, inapanda kisha inashuka. Ukikubali ikiwa kileleni, umenunua matatizo: sasa anajua kelele ya kiwango kile ndiyo bei. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, katika maabara yake alionyesha kwamba tabia inayolipwa mara moja moja ni ngumu kufutika kuliko inayolipwa kila mara, na yeyote aliyempa mbwa kipande kimoja tu chini ya meza anaujua ukweli huo bila maabara. "Basi" hatukuitumia kwa kengele ya haja hata siku moja. Ile tuliahidi kuijibu.

Ahadi hiyo ndiyo iliyotusaidia usiku ambao kengele haikunyamaza. Nilimtoa, akachuchumaa, tukarudi. Sijafika chumbani, ikalia. Tukatoka, tukarudi. Ikalia. Ni rahisi sana saa hiyo kusema anatuchezea. Mara iliyofuata nilimmulika kwa tochi ya simu. Alichuchumaa muda mrefu, mgongo umepinda, mkia unatetemeka, matone yakatoka machache, na kwenye kokoto yalikuwa na wekundu. Asubuhi nilisubiri na kibakuli kisafi, nikakitelezesha chini yake alipochuchumaa, nikapeleka mkojo kwa daktari pamoja na mbwa. Maambukizi ya njia ya mkojo. Alipewa antibaiotiki, tukamaliza dozi yote, akapona.

Hapo ndipo nilipoanza kulithamini daftari upya. Mbwa akibadilisha ghafla idadi ya maombi yake, muulize daktari kabla hujamlaumu. Kukojoa matone mara kwa mara, kujikamua, au damu, ni safari ya daktari siku hiyo hiyo. Dume anayejikamua na mkojo usitoke kabisa hasubiri hata asubuhi, kwa sababu njia inaweza kuwa imezibwa na mawe. Kunywa maji mengi kupita kawaida kunaweza kutokana na kisukari au figo, na kwa jike ambaye hajafungwa kizazi kunaweza kuwa dalili ya usaha kwenye mji wa mimba, ambao unaua. Na tafadhali, usimpe dawa ya maumivu ya binadamu ukingoja kupambazuke. Ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kumdhuru vibaya mbwa.

Habari ya maji ilikuja karibu yenyewe. Jivu alikuwa na tabia ya kusukuma bakuli tupu kwa pua hadi lipige ukuta. Tulichofanya ni kuijibu sauti ile haraka kila mara, na kubadilisha bakuli la plastiki kwa la bati ili lisikike. Akaishika. Nasisitiza tulitumia tabia aliyokuwa nayo tayari. Nimesikia watu wakiondoa maji ili mbwa "ajifunze kuomba", na sina adabu ya kutosha kuandika ninavyolifikiria jambo hilo. Maji yawepo muda wote. Ishara ni ya ile siku mmesahau.

Kisha binti yetu akaona video za mbwa wanaobonyeza vitufe vinavyotoa maneno yaliyorekodiwa. Wazo hilo lilienezwa na Christina Hunger, mtaalamu wa tiba ya usemi wa Marekani, ambaye mwaka 2018 alianza kumwekea mbwa wake Stella vitufe, akiiga vifaa vya mawasiliano alivyozoea kuvitumia kwa watoto wanaochelewa kusema. Tulinunua vitufe vichache, na si vya bei rahisi. Mimi niliingia na shaka, kwa ajili ya yule farasi wa Berlin aliyeitwa Hans Mwerevu. Watu wengi waliamini anajua hesabu hadi mwaka 1907, Oskar Pfungst alipochapisha uthibitisho kwamba farasi alikuwa akisoma tu mitikisiko midogo ya vichwa na miili ya watu, ambao wenyewe hawakujua wanajitikisa. Kwa upande mwingine, utafiti wa mwaka 2024 wa kundi la Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliwapima mbwa wenye vitufe nyumbani kwao na kuona kwamba neno la nje au la mchezo likitoka kwenye kitufe, mbwa huitikia ipasavyo, hata akibonyeza mtu asiyemjua. Kwa hiyo neno linaeleweka. Kwamba mbwa anatunga sentensi ni habari nyingine.

Kwetu tuliweka "nje", "maji" na "cheza". "Nje" tuliiondoa mapema, kwa sababu kengele ilikuwa inafanya kazi hiyo na milango miwili ya ombi moja ilimvuruga. "Maji" hakuijali, bakuli lilimtosha. "Cheza" aliipenda kupita kiasi, na hapo "basi" ikatuokoa, kwa maana aliibonyeza kila tulipokaa mezani. Kitufe hicho bado kipo na kina saa zake, kisha kinapanda juu ya kabati. Binti yetu alitaka kuongeza "nakupenda". Nilimwambia aweke ikimfurahisha, lakini nilimuuliza: akibonyeza, utamfanyia nini, na je, utamfanyia kitu kile kile kila mara? Alifikiri, akasema atamkumbatia. Jivu hapendi kukumbatiwa. Mpango ukaishia hapo.

Hilo la kutopenda ndilo lililonipeleka kwenye somo ninalolithamini kuliko kengele. Tulikuwa tumemfundisha Jivu kuomba vitu, lakini hakuwa na njia ya kuomba tumwache. Kukata kucha kulikuwa mieleka: mmoja anamshika, mwingine anakata, yeye anahema na kulamba pua yake, weupe wa jicho umejitokeza pembeni. Siku moja akanguruma. Kunguruma usikuadhibu kamwe. Ni onyo la mbwa asiyetaka kuuma. Ukilizima onyo, sababu inabaki, na siku nyingine meno yatakuja bila taarifa.

Tuliweka taulo lililokunjwa kwenye kiti kifupi. Kidevu kikilala juu ya taulo, nyama zinakuja, moja moja. Kikiinuka, kila kitu kinasimama, bila lawama. Kisha kidevu kikiwa chini, mkono unagusa bega. Halafu mguu. Halafu kikatio kinaonekana tu, kikiwa mbali. Akiinua kidevu, mkono unaondoka na kikatio kinarudi mezani. Ilichukua muda mrefu hadi nikachoka kuamini, kwa sababu alikiinua mara nyingi, akitupima. Alipoona kwamba kila anapokiinua tunaacha kweli, akaanza kukiacha chini. Sasa namkata kucha mbili tatu kwa kikao, kipande chembamba ili nisifike kwenye nyama ya ndani, na hakuna anayemshika. Akitaka mapumziko anainua kidevu, ananitazama, anakirudisha mwenyewe. Mtu mwenye mbwa anayechukia kuchanwa, kutiwa dawa ya masikio au kuoshwa, angeanza na hili kabla ya kengele.

Kuna mambo madogo yaliyobaki. Tukitoka wote, kengele inaondolewa mlangoni. Kumwacha mbwa akiomba kwa nyumba tupu kunamfundisha kwamba kuomba hakuna maana, na kunamtesa. Badala yake tunapanga mtu wa kupita kumtoa. Kwa mbwa mchanga hesabu ya kukadiria ni saa moja ya kubana mkojo kwa kila mwezi wa umri, na hata hiyo ni mchana akiwa macho, kwa hiyo usitarajie kengele imfanye abane zaidi ya kibofu chake. Palipokojolewa pasafishwe kwa dawa inayovunja harufu, si kwa kitu chenye amonia, ambayo kwa pua ya mbwa inakaribiana na mkojo.

Na mlango mpya ni lugha mpya. Tulipohamia nyumba nyingine tulidhani tutatundika kengele na maisha yataendelea. Jivu aliitazama asijue ina kazi gani pale. Tulirudia karibu yote, kiganja, kengele mkononi, kengele mlangoni, ingawa safari hii kwa kasi. Tukisafiri naye huwa nawaandikia wenyeji karatasi moja: anagonga maana yake haja, bakuli likigonga ukuta ni maji, kidevu kikiinuka acha unachofanya, viganja viwili ukitaka aelewe kwamba imetosha. Mwenyeji mmoja aliibandika kwenye friji, na alipokuwa akimsugua Jivu shingoni, kidevu kikainuka, naye mkono akauondoa.